Kamera Inayojipimia Mwanga, na Betri Yake



Katika kabati la tawi letu zimo kamera nne za filamu, zote kuukuu, zote za Kijapani. Bado tunazitumia. Simu mbili za makatibu zilipotea pamoja na picha zote zilizokuwamo, lakini negativu za wazee wetu zimo ndani ya bati la biskuti na hadi leo picha zake zasafishika. Taabu ni kwamba kila anayepewa kamera hizi huambiwa, "Hii ni otomatiki, wewe bonyeza tu." Kwa neno hilo tulipoteza picha moja kubwa.

Mwenzetu wa kiwandani alisagwa vidole na mashine isiyokuwa na kinga. Tulimpiga picha mlangoni mwa bohari, jua likiwa nyuma yake. Filamu iliposafishwa, anga ilionekana vizuri na mabati yalionekana vizuri; yeye mwenyewe alikuwa kivuli cheusi, na mkono wake hatukuuona. Wakati huo mashine ilikuwa imekwisha kuwekewa kinga. Faili lake la fidia likaenda bila picha.

Basi tuanze na kazi yenyewe. Filamu yataka mwanga wa kiasi, usizidi wala usipungue. Mwanga huo hupita katika milango miwili: tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kufinyika, na pazia, ambalo hufunguka kwa muda mfupi sana. Ni kama kujaza debe: bomba likifunguliwa sana debe hujaa upesi, likifunguliwa kidogo utangoja. Kamera ya otomatiki ina jicho la kupima mwanga, nalo huchagua tundu, au muda, au vyote viwili.

Olympus Trip 35, iliyotengenezwa tangu 1967 hadi 1984, huchagua vyote viwili, na haina betri hata moja. Vile vijicho vingi vinavyozunguka lenzi yake vimefunika seleni, madini ambayo yakipigwa na mwanga huzaa umeme yenyewe. Umeme huo mdogo husukuma sindano. Ukibonyeza, chuma huibana sindano mahali ilipofika, na mahali hapo ndipo panapoamua ukubwa wa tundu na kasi ya pazia: sehemu ya 40 ya sekunde au sehemu ya 200, basi. Mwanga ukiwa haba, bendera nyekundu huinuka ndani ya kioo cha kutazamia na kitufe hukataa kushuka. Sisi twaipenda kwa ukaidi huo. Masharti ya kazi hayakutimizwa, haifanyi kazi.

Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni mtu wa namna nyingine. Wewe wachagua muda, na kompyuta ndogo iliyo ndani yake huchagua tundu. Lakini pazia lake huendeshwa kwa sumaku ya umeme, hivyo betri yake ya volti 6 ikifa, na kamera imekufa. Hutapata picha hata moja. Kipimo huamka kidole kikibonyeza nusu, kisha hulala ukiachia. Kwa hiyo usiitupe mkobani pamoja na madaftari, maana kitufe kitakandamizwa njia nzima na betri italiwa bure. Ina kitufe cha kujaribia betri: kitumie kabla ya kutoka ofisini, si ukishafika langoni.

Nikon FE ya mwaka 1978 huachiwa kuchagua muda, wewe ukichagua tundu. Swichi yake ni ule mkono wa kuvutia filamu: ukiuvuta nje kidogo kipimo kinawaka, ukiurudisha mwilini kinazimika. Tumekuta mara nyingi umeachwa wazi usiku kucha. Hata hivyo fundi wake alifikiri mbele, kwani betri ikiisha wageuza gurudumu la kasi hadi M90 na pazia hufanya kazi kwa springi peke yake, sehemu ya 90 ya sekunde. Ndugu yake FE2 wa mwaka 1983 hujizimia kipimo baada ya sekunde kama 16.

Ya nne, Pentax K1000, si otomatiki na haina swichi kabisa. Jicho lake ni la aina ambayo gizani hubana njia ya umeme, hivyo swichi yake ni kifuniko cha lenzi. Kifuniko kikipotea, betri haidumu. Pazia lake, hata hivyo, halihitaji betri.

Turudi kwa mwenzetu mlangoni. Jicho la kamera halijui mtu wala anga. Hukisia kwamba vyote vilivyo mbele yake vikichanganywa vitatoa rangi ya kijivu, kisha hupima kwa kisio hilo. Ndiyo maana magunia meupe ya sukari hutoka kijivu, na rundo la makaa nalo hutoka kijivu. Siku ile anga lilikuwa kali, kamera ikapunguza mwanga, mtu akazama gizani. Kwa AE-1 kipo kitufe cha jua la nyuma, ambacho huongeza mwanga. Kwa FE, sogea karibu upime mkono wenyewe, sukuma kuelekea lenzi kile kijiti cha kujipigia picha, ukishikilie, kisha rudi nyuma upige. Kwa Trip, filamu ikiwa ya 400 weka pete kwenye 100 ili upate mwanga mara nne, kisha usisahau kuirudisha. Lakini njia rahisi kuliko zote hatukuifikiria siku ile: kumgeuza mtu alielekee jua.

Wenye kamera za zamani zaidi nyumbani waangalie jambo moja. Nyingi zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo haziuzwi tena kwa sababu zebaki ni sumu. Ukiweka ya volti 1.5, mara nyingi sindano hudanganya kwamba mwanga ni mwingi, na picha hutoka giza.

Kamera ikirudi kabatini, toa betri, maana ikivuja hula shaba za ndani. Na kwa ndugu wa mashamba ya chai milimani: asubuhi za baridi betri iliyochoka hugoma kabla ya wakati wake. Itoe, iweke mfuko wa shati kwa muda ipate joto la mwili, na huenda ikakupa picha chache zaidi.