Uvimbe Katika Mwili wa Mtoto

Mzazi wa Mukuru kwa Njenga, mjini Nairobi, anapomwogesha mtoto wake, aghalabu yeye ndiye wa kwanza kugundua uvimbe chini ya ngozi. Hapo hofu humwingia, na majirani humpa mashauri mengi: mmoja asema uchomwe, wa pili asema upakwe majani, wa tatu asema uachwe tu. Yote matatu yaweza kumdhuru mtoto.

Yafaa ijulikane kwamba uvimbe mwingi wa watoto si saratani. Uvimbe wa mafuta huwa laini, hauumi, nao huteleza ukibonyezwa kwa kidole. Uvimbe wa mishipa ya damu huonekana kama alama nyekundu katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hukua upesi, hasa katika miezi 5 ya kwanza, kisha hunywea polepole kwa miaka kadhaa. Mara nyingi hautaki dawa yo yote. Lakini ukiwa karibu na jicho waweza kuharibu kuona kwa mtoto, na ukiwa kooni waweza kuziba pumzi. Huo haungoji.

Daktari hutazama, hupapasa, na kuuliza uvimbe ulianza lini. Akiwa na shaka hupiga picha kwa mawimbi ya sauti, jambo lisiloumiza, au hutoa kipande kidogo kichunguzwe kwa darubini.

Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa waliyompa mtoto mgonjwa wa moyo, ilinywesha uvimbe wake wa damu. Dawa hiyo hutolewa na daktari tu, kwa kuwa yaweza kupunguza sukari ya damu na mapigo ya moyo. Uvimbe wa mafuta hukatwa iwapo unasumbua.

Uvimbe mgumu, usiosogea, ukuao upesi au uzidio sentimita 5, usidharauliwe. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba mataya. Hiyo ilikuwa saratani, ambayo leo hutibika kwa dawa ikiwahiwa.

Basi mzazi asikate wala asichome. Aandike tarehe aliyouona uvimbe, aupime kwa uzi, kisha ampeleke mtoto zahanati. Akipewa barua ya kwenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au ya Kenyatta, aende bila kukawia.