Umelipia Kipimo, Mbona Maabara Haijaona Pesa?

Umelipa kwa Paybill ya hospitali, SMS imeingia, lakini dirishani unaambiwa "bado haijasoma." Mara nyingi pesa imefika. Shida ni namba ya akaunti uliyoandika.

Daktari akiagiza kipimo, mfumo wa kompyuta wa hospitali hutoa namba ya bili. Namba hiyo ndiyo inayounganisha malipo yako na kipimo chako. Ukiandika jina lako au namba ya simu, mfumo unapokea pesa bila kujua ni za nani. Na katika hospitali nyingi, maabara haioni ombi la daktari hadi bili isome imelipwa.

Ikishalipwa, chupa ya damu hubandikwa stika yenye mistari myeusi. Mashine huisoma stika, hupima, kisha majibu huingia kwenye faili yako bila mtu kunakili kwa mkono. (Kunakili ndiko kulikochanganya watu wenye majina yanayofanana.) Mtaalamu wa maabara huyakagua kwanza, kwa hivyo usishangae mashine ikimaliza na wewe bado unangoja.

Kama uko Nairobi na unamlipia mama aliye hospitalini ocha, akusomee namba ya bili kabla hujatuma. Umeshakosea? Usilipe tena. Mwonyeshe keshia SMS; kwa ile namba ya muamala, yenye herufi na tarakimu, ataitafuta pesa na kuihamishia kwenye bili sahihi. PIN haihitajiki hapo. Anayekupigia akitaka PIN ndipo akupe majibu ni mwizi. Kata simu.