KIINITETE KILICHOGANDISHWA: MTU, MALI AU HADHI YA KATI?

Utangulizi

Makala haya yanachunguza hadhi ya kisheria ya viinitete vilivyogandishwa na mtihani unaomkabili mfasiri wa Kiswahili anaposhughulikia suala hilo. Katika matibabu ya utasa, yai la mwanamke huweza kurutubishwa nje ya mwili. Kiinitete kinachopatikana hupandikizwa katika mji wa mimba, au huhifadhiwa kwa miaka mingi ndani ya naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Katika muda huo, wenyewe huweza kutalikiana, kufa au kubadili nia. Je, kilichomo mtungini ni mtu au mali?

Maamuzi ya Mahakama

Kwanza, mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Tennessee, Marekani, iliamua kesi ya Davis dhidi ya Davis kuhusu viinitete saba vya mume na mke waliotalikiana. Ilishikilia kwamba hivyo si watu wala si mali, bali vina hadhi ya kati inayostahili heshima ya pekee, kwa kuwa huweza kuwa binadamu. Mke hakutaka tena kuvitumia mwenyewe bali kuwapa wengine. Mume, aliyekataa kuwa mzazi, akashinda.

Pili, mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya Evans dhidi ya Uingereza. Bi. Evans alikuwa ameondolewa ovari kutokana na ugonjwa, hivyo viinitete sita vilikuwa tumaini lake la mwisho la kupata mtoto wa damu yake. Hata hivyo, sheria ya Uingereza ya 1990 ilidai ridhaa ya pande zote mbili, na mwenzake alikuwa ameiondoa yake. Bi. Evans alishindwa.

Tatu, Februari 2024, Mahakama ya Juu ya Alabama ilitamka kwamba viinitete vilivyo nje ya mji wa mimba ni watoto kwa mujibu wa sheria ya 1872 kuhusu vifo vya watoto. Baadhi ya kliniki zilisitisha huduma. Mwezi uliofuata, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwakinga watoaji huduma hiyo.

Mtihani wa Kilugha

Maneno 'mtu' na 'kitu' yana shina moja. Kinachoyatenganisha ni kiambishi tu. Isitoshe, nomino za viumbe hai hupatanishwa kwa A-WA hata zikianza kwa ki-: kijana anasoma, kifaru amelala. Je, tuseme 'kiinitete kimeharibika' au 'kiinitete amekufa'? Anayesema la pili amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu. Kusitasita huku si kugeni: wapo wasemao 'maiti imezikwa' na wapo wasemao 'maiti amezikwa'.

Nchini Kenya suala hili lina uzito zaidi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 26(2), inaeleza wakati uhai wa mtu unapoanza. Tukifasiri kwamba huanza 'mimba inapotungwa', msomaji wa kawaida atafikiria mwanamke aliyehimili, na kiinitete cha mtungini kitaachwa nje. Tukifasiri kwamba huanza 'yai linaporutubishwa', kiinitete hicho kitaingia ndani. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7. Kwa hiyo uteuzi huu si pambo la mtindo.

Hitimisho

Imebainika kwamba mahakama hazijaafikiana. Kwa maoni yetu, mfasiri atumie 'kiinitete' kwa upatanisho wa KI-VI, na atenganishe 'utungisho' wa yai na 'kutungwa kwa mimba' bila kuyachanganya. Hivyo atakuwa ametaja jambo bila kulihukumu. Kuamua iwapo kiinitete ni mtu ni kazi ya wananchi, bunge na mahakama, wala haifai ipitishwe kimyakimya kwa kiambishi.