SOMO: TUKAGUE UTUMBO KAMA TUNAVYOKAGUA PAMBA



Mkulima wa pamba hapa Ziba hangoji mavuno amekaa nyumbani. Huingia shambani, akapasua vitumba vichache, akatazama kama kuna funza. Kwa nje mche ni kijani, kumbe funza yumo ndani. Akimwona mapema, shamba linapona. Utumbo nao, kwa wagonjwa fulani, hukaguliwa hivyo hivyo.

Damu chooni

Ukiona damu kwenye haja kubwa, usinyamaze kwa aibu. Huku kwetu mara nyingi chanzo ni amiba, kuhara damu, kichocho au bawasiri. Yote haya yanatibika. Nenda zahanati ukapimwe.

Lakini wapo wachache ambao kuhara damu hakukomi. Kunatulia, kunarudi, miezi hata miaka. Dawa za amiba wamemeza, wapi! Hospitalini huonekana kwamba utumbo mpana umevimba na una vidonda. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si wa kulogwa. Kinga ya mwili yenyewe inaushambulia utumbo. Dawa huutuliza, na mgonjwa akazitumia sawasawa analima kama wengine.

Hatari yake

Utumbo unaoumia na kujiponya mwaka hadi mwaka unaweza kuharibika, saratani (kansa) ikaanza. Wagonjwa wengi hawaipati. Ila hatari huongezeka kadiri ugonjwa unavyokaa na kuenea. Tena kansa ikianza haiumi. Ndiyo maana mtu husema, "Mimi nimeshapona, nauli ya nini?" Hapo ndipo anapokosea.

Ukaguzi unavyofanywa

Kipimo chake huitwa kolonoskopi. Siku moja kabla, mgonjwa hunywa dawa ya kuharisha ili utumbo usafike. Siku ya kipimo hupewa dawa ya kupunguza maumivu na kumsinziza. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera kwenye njia ya haja kubwa. Hutazama utumbo wote mpana, akakata vipande vidogo sana vya kupima maabara. Mara chache utumbo huweza kutoka damu nyingi au kutoboka, kwa hiyo mwulize daktari kabla. Nenda na ndugu wa kukurudisha, kwa kuwa utakuwa na usingizi.

Mabadiliko yakionekana mapema, daktari huweza kuyaondoa. Yakiwa makubwa, huenda utumbo mpana ukakatwa kabla kansa haijasambaa.

Ni lini?

Kwa kawaida ukaguzi huanza miaka 8 tangu dalili zilipoanza, si tangu ulipofika hospitali. Kama damu ilianza mwaka 2018, basi:

2018 + 8 = 2026

Baadaye hurudiwa kila baada ya mwaka 1 hadi 5, kama daktari atakavyopanga. Mwenye ugonjwa sugu wa mirija ya nyongo pia hukaguliwa kila mwaka, bila kungoja miaka 8. Aliyeumwa sehemu ya mwisho tu ya utumbo huenda asihitaji. Lakini ukikonda, au damu ikirudi, usingoje mwaka wako. Nenda mara moja.

Safari ya matibabu

Anzia zahanati, kisha hospitali, kama ile ya Nkinga wilayani kwetu Igunga. Ukipewa rufaa utakwenda mbali zaidi, kama Bugando, Mwanza. Uliza gharama mapema, na kama una bima chukua kadi yake.

Sasa wewe unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Andika kwenye daftari mwaka dalili zilipoanza, dawa unazotumia, na tarehe ya kurudi. Tunza vyeti vyote. Daktari mpya hatajua habari zako bila maandishi hayo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini mgonjwa anayejisikia mzima bado akaguliwe?
2. Mama mmoja alianza kuhara damu mwaka 2021. Ukaguzi wake uanze mwaka gani?
3. Tufanye nini kijijini ili watu wasione aibu kusema habari za choo?