PICHA ZA HESABU ZA SHAMBA: IPI YAFAA KWA KAZI GANI?

Mkulima mwenye busara huandika katika daftari siku ya kupanda, mvua iliyonyesha na magunia aliyovuna. Lakini tarakimu nyingi hazisemi upesi. Zikichorwa picha, jambo huonekana mara moja. Picha hizo ziko za namna tatu, na kila moja ina kazi yake. Ukichagua isiyofaa, itakudanganya.

Tuseme mkulima wa Dodoma ana ekari moja ya mahindi na ekari moja ya mtama. Kwa miaka minne amevuna hivi:

Mahindi: magunia 9, 2, 8, 1. Jumla 20.
Mtama: magunia 5, 4, 6, 5. Jumla 20.

Jamaa yake hula magunia 4 kwa mwaka. Je, ategemee zao lipi?

1. Nguzo
Nguzo hufaa kulinganisha vitu mbalimbali: shamba hili na lile, mbegu hii na ile. Lakini mkulima wetu akichora nguzo mbili za jumla, zitakuwa na urefu mmoja, naye atasema mazao haya ni sawasawa. Hesabu ni kweli, lakini picha imeficha njaa.

2. Mstari
Mstari hufaa kwa jambo linalobadilika mwaka hata mwaka. Andika miaka chini na magunia kando. Tia nukta kwa kila mwaka, kisha ziunge. Mstari wa mahindi utapanda na kushuka kama vilima. Wa mtama utakaribia kulala. Sasa piga mstari ulionyooka penye magunia 4, yaani chakula cha nyumbani. Mtama haushuki chini yake hata mara moja. Mahindi yameshuka mara mbili.

Ni kweli, ziada ya mwaka mzuri yaweza kuwekwa ghalani. Lakini dumuzi wakiingia, au shida ya fedha ikija, ziada hiyo haifiki mwaka wa pili. Mtama nao una adui zake, hasa ndege. Hata hivyo picha imeonyesha zao la kutegemea kwa chakula.

3. Duara
Duara hufaa kuonyesha kitu kizima kilivyogawanywa. Ukivuna magunia 8, ukala 4, ukauza 2 na kuweka akiba 2, gawa duara: nusu, robo na robo. Usilitumie kulinganisha miaka, kwani duara la magunia 8 na duara la magunia 2 huonekana sawa.

Picha ya mvua
Mvua ichorwe kwa nguzo, moja kwa kila siku kumi. Dodoma mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Jumla ya misimu miwili yaweza kulingana, lakini mahindi yakikosa maji yanapotoa mbelewele, mavuno hupungua sana. Nguzo zitakuonyesha pengo hilo, jumla haitakuonyesha. Huko Kongwa, mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1947 ukaachwa mwaka 1951. Mvua isiyotegemeka ilikuwa moja ya sababu.

Mambo ya kuangalia
(a) Tumia daftari la mirabaraba. Mraba mmoja uwe gunia moja, tangu mwanzo hata mwisho.
(b) Nguzo zianze penye sufuri. Ukizianza penye 8, shamba la magunia 10 litaonekana limezaa mara mbili ya shamba la magunia 9.
(c) Andika mwaka, zao na ukubwa wa shamba. Usilinganishe ekari moja na ekari mbili.

Kabla ya kuchora, jiulize kwanza: nataka kujua nini? Swali ndilo linalochagua picha. Anza na mavuno ya mwaka huu, na ukikwama mwonyeshe Bwana Shamba daftari lako.