Ukifika Nchelenge, Anza na Samaki

Nchelenge ni mbali, tusidanganyane. Ukitoka Dar es Salaam kwa TAZARA unashukia Kasama, halafu unaanza kubadilisha mabasi mpaka barabara ikutupe ukingoni mwa Ziwa Mweru, Zambia. Milima ya ng'ambo ni Kongo.

1. Beba salamu. "Mulishani mukwai" itakufungulia milango ya wasemaji wa Kibemba. Kiswahili nacho kina wenyewe: tangu 2017, Wakongomani waliokimbia mapigano walipokelewa katika kambi ya Kenani, wengi wakahamishiwa Mantapala. Usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili cha Katanga sokoni. Ila kambi si kivutio; kamera iache begani.

2. Damka alfajiri uende Kashikishi. Wavuvi wa usiku hurudi na taa zao na chisense, binamu wa dagaa wetu, ambao humwagwa juani wakauke. Wale kwa ugali wa muhogo, tena kwa mkono. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, kwa hiyo ukija Krismasi usimlaumu mama ntilie.

3. Ulizia samaki aitwaye mpumbu. Kwangu mimi hii ndiyo historia ya Mweru kuliko sanamu yoyote. Mpumbu alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi kutaga mayai wakati wa mvua. Migodi ya shaba ya Katanga ilikuwa na njaa ya kitoweo, wafanyabiashara Wagiriki wakaweka kambi Kasenga, na miaka ya 1940 samaki akavuliwa akiwa njiani kwenda kutaga, mayai tumboni. Kufika miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Mkute mzee anayeshona nyavu, kaa chini, usimharakishe.

4. Panga safari ya mwisho wa Julai. Ndipo Mwata Kazembe wa Walunda anapocheza Mutomboko kule Mwansabombwe, shoka na upanga mkononi. Ikulu hii imezoea wageni: Mreno Lacerda alifia katika nchi hii 1798. Livingstone, aliyeliona Mweru Novemba 1867 akifuatana na misafara ya Waarabu na Waswahili, alimkuta kwa Kazembe mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Saleh, aliyezuiwa huko miaka mingi. Babu zetu walifika huku kwa miguu, nawe unalalamikia basi!

5. Ukisema "Kilwa", fafanua. Si ile ya Lindi. Kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, ni cha Zambia. Mji wa Kilwa uko Kongo. Ukipanda boti isiyo yako, utahitaji pasipoti na maelezo marefu.

6. Usiogelee. Mamba na viboko ni wenyeji.

7. Wanyama wengine wafuate kwa subira. Hifadhi ya Lusenga, upande wa Kawambwa, ilimalizwa sana na majangili. Nenda kwa ajili ya miombo na ndege, swala awe nyongeza. Halafu fika maporomoko ya Lumangwe kwenye Mto Kalungwishi, ambayo kwenye picha watu huyadhania kuwa Victoria. Tofauti ni kwamba hapa unaweza kuwa peke yako, umelowa chapachapa, bila mtu wa kukuuzia koti la mvua.