Jina Moja, Spishi Kadhaa: Uainishaji na Mtawanyiko wa Kolembola wa Jenasi ya Friesea katika Antaktika

Kolembola ni viumbe wadogo wenye miguu sita ambao huishi udongoni, chini ya mawe na katika majani yanayooza. Zamani walihesabiwa miongoni mwa wadudu. Siku hizi wataalamu wengi huwatenga, kwa kuwa sehemu za kinywa chao zimefichika ndani ya kichwa na tumbo lao halizidi pingili sita. Wengi wao wana mkia wa panda uliokunjwa chini ya tumbo, nao ukifyatuka humrusha mwenyewe mbali na adui. Katika jenasi ya Friesea mkia huo umedumaa au haupo kabisa, jambo linalompunguzia mwainishaji alama za kutegemea.

Mnamo mwaka wa 1891, Schäffer alieleza spishi ya Friesea grisea kutoka kisiwa cha South Georgia. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1901, Victor Willem wa Ubelgiji alieleza nyingine iliyoletwa na msafara wa meli ya Belgica (1897–1899) kutoka upande wa Rasi ya Antaktika, akaiita antarcticus. Waliomfuata hawakuona tofauti ya kutosha kati ya hizo mbili, wakaziunganisha chini ya jina la grisea. Kolembola wa namna hiyo walipopatikana Victoria Land, ukingoni mwa Bahari ya Ross, nao walibandikwa jina hilo hilo. Hivyo ndivyo spishi moja ilivyosadikiwa kuenea bara zima.

Dai hilo lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Mnamo 2007, Chown na Convey walipendekeza mpaka wa kibiojiografia walioupa jina la mtaalamu wa wadudu, Gressitt, unaoitenga Rasi na sehemu nyingine ya bara. Kolembola wa upande mmja hawapatikani upande wa pili. Friesea grisea pekee ndiye aliyeonekana kuuvuka mpaka huo. Ama mpaka ulikuwa na kasoro, ama jina ndilo lililokuwa na kasoro.

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 2010, watafiti walipolinganisha jenomu ya mitokondria ya kolembola wa Rasi na wa Victoria Land. Tofauti waliyoikuta ilikuwa kubwa mno kwa viumbe wa spishi moja. Mwaka wa 2018, Greenslade aliwatenga wale wa Antaktika na grisea wa South Georgia, na jina la Willem likarejeshwa: Friesea antarctica. Mwaka wa 2020 wale wa Victoria Land nao walitengwa, wakapewa majina ya Friesea gretae na Friesea propria. Mpaka wa Gressitt ukabaki imara.

Msomi wa isimu hatashangazwa na mjadala huu, kwani swali la wapi lahaja inakoma na lugha inaanzia halina tofauti kubwa nao. Hata hivyo, mwanabiolojia ana kipimo ambacho mwanaisimu hana: jeni huhifadhi kumbukumbu ya utengano hata pale maumbo yanapofanana.

Utengano wenyewe umesababishwa na barafu. Ardhi isiyofunikwa na barafu katika Antaktika haifiki asilimia 1, nayo imetawanyika kama visiwa. Kiumbe wa takriban milimita moja, asiye na mabawa na anayekauka upesi, hawezi kuivuka barafu hiyo kwa urahisi. Kila kundi limebaki pake kwa muda mrefu sana.

Kwa sababu hiyo majina haya yana uzito katika hifadhi. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika 1998, inazuia kuingizwa kwa viumbe wageni Antaktika. Hypogastrura viatica, kolembola mgeni, tayari amekita makazi katika kisiwa cha Deception. Huyo anatambulika kuwa mgeni. Lakini Friesea akibebwa katika matope ya buti kutoka Rasi hadi Victoria Land, chini ya jina la zamani angeonekana mwenyeji kotekote, na hakuna ambaye angeshtuka.